Blanketi la Vishikio Vinne

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sifichi. Maisha yangu yote nimekuwa fundi wa malori hapa Same, kando ya barabara kuu, na sijui boliti iliyonigomea bila kusikia lugha yangu. Uzuri wa boliti ni kwamba hairudishi neno. Mke wangu anarudisha. Tangu kiharusi kimshike amebaki na maneno machache tu mdomoni, na katika hayo machache, linalotoka safi bila kukwama popote ni hili: fumua.

Ndilo neno nililoambiwa kutwa nzima wakati nashona blanketi.

Kwanza mjue kwamba fundi wa nguo ni yeye, si mimi. Sare za shule za hapa mjini, magauni ya kipaimara, suruali za mabwana harusi, vyote vimepita kwenye cherehani yake ya miguu pale barazani. Ugonjwa ulimchukua upande wa kulia: mkono, mguu, na sehemu ya ulimi. Kichwa haukukigusa. Anaelewa kila kitu, na anakumbuka hata mambo ambayo mimi ningependa ayasahau. Lakini alipotoka hospitali aliacha kutoka nje. Wageni wakija anageukia ukutani, wanapewa chai na mimi, chai mbaya, wanaondoka. Cherehani tuliifunika na khanga.

Sasa, mke wangu ni mtu wa mlimani, na mimi ni mtu wa tambarare, wa Kisiwani. Wote Wapare, lakini tangu tuoane ananicheka kwamba mtu wa nyika hajui umande ni kitu gani. Kule kwao ana shamba aliloachiwa na mama yake, la maharage na tangawizi, liko chini ya ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe walilochimba wazee. Usiku linakusanya maji ya mfereji, alfajiri linafunguliwa, watu wananywesha kwa zamu. Tope likijaa, maji hayana pa kukaa. Kwa hiyo kila mwaka kabla ya vuli baragumu linapigwa, watu wanakwenda msaragambo, kaya zote zinazokunywa maji yale, kulizoa tope kwa pamoja.

Kuna utaratibu wake. Asubuhi kabla mtu hajaingia kwenye tope, msimamizi wa ndiva anaita kaya moja moja, kwa kichwa tu, hana karatasi. Iliyopo inaitika. Kazi ikiisha anaziita tena, na kila moja anaisemea: imefanya kazi. Penye mgonjwa au kizee asiyejiweza, ndugu anasema "mgonjwa," msimamizi anajibu "amesamehewa," wanaendelea. Maji yake anapata kama kawaida. Ni huruma, hakuna anayeona ubaya.

Isipokuwa mke wangu. Mama yake aliposamehewa mara ya kwanza, alirudi ndani akamwambia binti yake: sasa wameanza kunizika kidogo kidogo. Mke wangu hakuwahi kulisahau neno hilo. Tangu alipolirithi shamba hajakosa msaragambo hata mmoja. Alikuwa anaacha cherehani, anapanda na jembe lake, anarudi na matope hadi kwenye nyusi, ana furaha ambayo mimi na biriani zangu za sikukuu hatujawahi kumpa.

Basi kaka yake akapiga simu. Niliweka sauti ya nje ili dada mtu naye asikie salamu.

"Shemeji, wamepanga msaragambo Jumamosi baada ya mavuno ya kanisani. Msihangaike. Dada nitamsemea mimi, atasamehewa."

"Ahsante sana, shemeji," nikasema, na nilishukuru kweli.

Nyuma yangu kikombe kikaanguka. Alikuwa amepiga meza kwa mkono wa kushoto, chai inatiririka hadi kwenye miguu yake, wala haoni. Mdomo unahangaika. Nilikata simu nikamsogelea.

"Na... naenda," akasema.

"Unakwenda wapi, mama watoto? Kule majani ni maji matupu mpaka saa nne. Ukungu. Baridi ile na kifua chako. Stuli huwezi, unaangukia kulia. Utakaa juu ya nini?"

Hakuwa na maneno ya kubishana nami, yeye ambaye zamani nilikuwa namshinda kwa kukimbilia gereji. Alilia tu, bila sauti, upande mmoja wa uso unalia na mwingine umetulia. Roho iliniuma sana. Hospitali yote ile hakulia.

Nikafuta chai. Nikiwa nimeinama pale chini nikawaza kwamba stuli ndiyo inayomwangusha, lakini sakafuni, akiwekewa kitu mgongoni, anakaa vizuri tu; mazoezi yake ya viungo anafanyia hapo hapo. Tatizo basi ni maji ya kwenye majani na baridi. Akipata kitu kisichopitisha maji chini, laini juu, cha kumfunika njiani, na kinachoweza kukunjwa kikawa egemeo, atakaa ukingoni mwa ndiva kama mtu mwingine yeyote, ataitika kaya yake kwa mdomo wake.

"Tutashona blanketi," nikasema.

Akanitazama usoni. Kisha akatazama mikono yangu, hii iliyojaa grisi kwenye kucha. Akacheka. Kicheko cha upande mmoja, cha kwanza tangu augue. Ningeshona hata hema la sarakasi baada ya pale.

Nyuma ya nyumba nilikuwa na turubai kuukuu la lori ambalo kwa miaka mingi amekuwa akiniambia nilitupe. Nilipoliingiza ndani nilimwambia, umeona, mimi nilikuwa naona mbali. Akasonya. Kusonya hakuhitaji ulimi wote. Katikati tukaweka blanketi letu la zamani, lile zito la kijivu. Juu, mabaki ya vitenge vya wateja aliyoyahifadhi kwenye gunia mvunguni. Alichagua mwenyewe kwa mkono wa kushoto, kipande kwa kipande, anapanga sakafuni. Mimi nilikuwa naona vitambaa. Yeye alikuwa anawaona watu. Akishika kimoja anatabasamu, kingine anakirudisha guniani haraka, nikajua mwenye nguo ile hawakuachana vizuri.

Cherehani ilikataa turubai. Ilinivunjia sindano nikiwa ndiyo kwanza nimekanyaga, na yeye akaguna kama nimemchoma yeye. Nikaifunika tena. Nikachukua sindano ya magunia, uzi wa nailoni wa washona viatu, na koleo yangu ya gereji ya kuvutia sindano ikikwama. Nikashona pindo lote la upande mmoja. Jasho linanitoka. Nikamwonyesha.

"Fumua."

"Kwa nini?"

Akaonyesha kwa kidole: mishono mikubwa hapa, midogo pale, turubai limevutwa, kitenge kimejikunja. Nikafumua. Nikashona tena.

"Fumua."

Hivyo hivyo, siku baada ya siku. Nikaanza kuota neno hilo. Ikafika siku nilikuwa nimemaliza pande mbili, vidole vimechomeka, najiona nimekuwa fundi, akapitisha kiganja juu ya mshono akasema fumua. Nikapandwa na jazba. Nikalibeba lidude lote nikalirusha uani kwenye kuku, nikamwambia tafuta fundi mwingine, mimi nina kazi zangu. Nikaenda zangu stendi kunywa kahawa na kumlaumu kila dereva aliyepita.

Hasira zangu hazikai. Niliporudi nyumbani kiti chake kilikuwa kitupu. Nilimkuta sakafuni karibu na mlango wa uani. Alikuwa amejiburuta hadi nje, amelivuta blanketi ndani kwa mkono mmoja, na sasa amelikandamiza kwa goti, anakata uzi wangu kwa meno. Nywele zina vumbi na unyoya wa kuku. Alikuwa amefumua karibu upande mzima.

Nilikaa chini karibu naye. Nikatoa wembe mfukoni, tukafumua pamoja, yeye anavuta, mimi nakata. Toka hapo nilikuwa mpole. Namaanisha nililalamika kwa sauti ya chini.

Turubai lilipokaa sawa alisema, "Mshumaa." Mchana kweupe. Nikawasha taa. Akatikisa kichwa, akasugua kidole juu ya mshono, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka nikaelewa: kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Nikasugua nta kwenye mishono yote ya chini. Hilo, nakiri, mtu wa nyika asingeliwaza.

Kisha akaomba chaki yake ya fundi. Akachora alama kwenye kona zote nne.

"Vishikio," akasema.

Nikafurahi, nikajua ni vya kufungia kwenye bodaboda. Nilikuwa na mikanda ya viti vya lori bovu, imara sana. Nikaishona haraka haraka. Akaingiza mkono wa kushoto kwenye kishikio, akanionyesha nishike upande wa pili, akavuta kwa nguvu zake zote. Uzi ukalia. Sihitaji kuwaambia alisema nini. Akanichorea mshono anaoutaka: mraba, na msalaba ndani yake, na juu yake tena mraba. Kona zote nne. Nikashona, tukavuta, nikafumua, nikashona.

"Jamani," nikamwambia, "kwetu Kisiwani tembo wanakuja hadi mashambani. Unataka tumbebe mmoja?"

Alinitazama, akakivuta kishikio tena. Nikadhani maneno yamemwishia kwa siku hiyo.

Ijumaa tukapanda mlimani. Gari lilitufikisha mwisho wa barabara yake, kutoka pale tukachukua bodaboda, dereva mbele, mke wangu katikati, mimi nyuma namkumbatia, mshikaki kabisa, blanketi limetuzunguka, vitenge ndani na turubai nje. Manyunyu yakatukuta kwenye kona za juu. Dereva alilowa. Sisi tulifika kwa shemeji wakavu, na mke wangu alikuwa anapapasa mshono wa nta kwa kidole, taratibu, kama alivyokuwa akiwasifia wanafunzi wake wa cherehani.

Shemeji alitupokea vizuri, mtu mwema yule. Alimshika dada yake mikono yote miwili. "Dada, umekuja kutuona, nimefurahi. Ila kesho ubaki hapa jikoni kwenye joto. Mambo ya tope si yako tena. Nitakusemea."

Mke wangu aliangalia moto.

Asubuhi nilimshika kiuno tukatembea hadi ndiva, hatua fupi fupi, na fimbo. Watu walikuwa wamejaa ukingoni na majembe, wanawake upande wa pili wanainjika makande. Majani yalikuwa na maji kama alivyokuwa akinicheka siku zote. Nikatandaza blanketi, turubai chini, nikakunja ncha moja pamoja na koti langu likawa egemeo, nikamketisha. Akakaa wima. Nikapitisha mkono juu ya vitenge: kukavu. Wanawake wakaja, pole, pole sana, wanazungumza juu ya kichwa chake kana kwamba amelala. Hakugeukia ukutani, maana ukuta haukuwepo. Alikuwa anaangalia bwawa.

Msimamizi ni mzee kuliko mimi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akapanda juu ya jiwe akaanza kuita. Nilimwona mke wangu anajiandaa. Midomo inatembea, anafanya mazoezi ya neno moja: nipo. Usiku mzima alikuwa akilifanyia mazoezi, alidhani nimelala.

Akaita kaya yake.

Mke wangu akafungua mdomo. Ulimi ukagoma. Ilitoka hewa tu, na mshipa wa shingo umesimama. Watu waliokuwa karibu wakatazama chini.

"Mgonjwa," shemeji akasema kwa upole.

"Amesamehewa," akasema msimamizi, akaita inayofuata.

Nilitaka kusema. Nilishavuta pumzi. Akanifinya paja kwa vidole vyake vya kushoto, kwa nguvu, nikanyamaza. Chozi lilimtoka, akalifuta begani. Mimi nilitamani nimbebe turudi Same saa ile ile.

Kazi ikaanza. Wenye majembe wanachota tope chini, wengine wanalipandisha ukingoni kwa makarai na viroba vya zamani. Makarai hayakutosha. Viroba vilikuwa vimeliwa na jua. Vikijazwa vinapasuka katikati ya mteremko, tope linarudi lilikotoka, watu wanalalamika. Nikasikia suruali yangu inavutwa.

"Niinue."

Nikamwinua, nikidhani anataka kwenda kujisaidia. Akaelekeza kidole kwenye blanketi. "Tope."

"Limechafuka wapi? Safi kabisa hili."

Akafumba macho, kama anavyofanya siku zote nikiwa mzito wa kuelewa. Akainama, mimi nimemshikilia kiunoni, akaingiza mkono kwenye kishikio akakitikisa. Akawatazama vijana wanne waliosimama na kiroba kilichopasuka. "Shika," akawaambia. "Tope. Shika."

Ndipo nikaelewa vishikio ni vya nini. Na niseme ukweli, nilikataa.

"Hapana," nikasema. "Hapana, mke wangu. Vidole vyangu vimetoboka kwa blanketi hili. Nimefumua mpaka nimeota kufumua. Halafu litiwe matope? Blanketi langu hili."

Akanigeukia. "Langu," akasema. Halikukwama.

Nikaliinua. Nikaligeuza turubai juu, vitenge chini, nikawapa vijana wale kila mmoja kona yake. Wakashuka nalo. Liliporudi lilikuwa limebeba tope ambalo makarai yangelipandisha asubuhi nzima, linaning'inia katikati kama tumbo la ng'ombe, na vijana wanakaza shingo. Nilikuwa naangalia mraba na msalaba. Hakuna uzi uliolia.

Mke wangu nilimketisha kwenye majani ya migomba, nikakaa nyuma yake, mgongo wake kifuani kwangu. Egemeo likawa mimi. Kila walipomwaga, tope la mwisho liling'ang'ania kwenye turubai. Akawaonyesha waliweke blanketi mbele yake. Akaanza kulipangusa kwa kiganja cha kushoto, analisukuma kando, safi, ndipo wanashuka tena. Mara ya kwanza blanketi lilikuwa linasogea anapopangusa. Akachukua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akauweka juu ya ukingo, ukalala pale ukaushikilia. Mkono ule ulikuwa haujafanya kazi yoyote tangu augue. Nilificha uso wangu nyuma ya kilemba chake, maana nilikuwa nalia, na mimi kule ni mkwe.

Tulikaa hivyo mpaka makande yakaiva. Suruali yangu ililowa mpaka ndani, sasa umande naujua.

Kazi ilipoisha, msimamizi akapanda tena juu ya jiwe lake. Akaita kaya, imefanya kazi. Akaita nyingine, imefanya kazi. Alipofika kwenye ya mke wangu alisita, kwa sababu asubuhi aliisamehe. Shemeji akafungua mdomo kusaidia. Msimamizi akaangalia lile blanketi ukingoni, halafu akamwangalia mke wangu. Alikuwa ameinua mkono wa kushoto, mweusi kwa tope hadi kwenye kiwiko.

"Imefanya kazi," akasema mzee, kwa sauti ile ile aliyowasemea wengine, akaita inayofuata.

Hakuna aliyepiga makofi. Ndivyo alivyotaka iwe. Nilimsikia anashusha pumzi ndefu, mwili wote ukalegea kifuani kwangu, nikambana asianguke kulia.

Shemeji akaja na fimbo ya dada yake, ana aibu. "Dada, mwakani..."

"Usinisemee," mke wangu akasema. Lote, mwanzo hadi mwisho, kama mtu ambaye hajawahi kuugua.

"Sitakusemea, dada," akajibu kaka mtu.

Siku hizi anakaa barazani, kwenye blanketi lake, anaitikia shikamoo za wapita njia kwa kuinua mkono. Nililifua, lakini doa la tope la kwao limegoma kutoka kwenye vitenge, na yeye hataki nilisugue zaidi. Jana alikuwa anapapasa kona, akakuta kishikio kimoja kimelegea nyuzi mbili tatu. Akakivuta, akanitazama. Nilishajua neno linalokuja, nikaingia ndani kuchukua wembe kabla hajalisema. Mwakani si mbali.